Hakubahatika Kupata Mtoto

Mimi tanzia nimeandika nyingi, na wala sijisifu. Nina duka la steshenari hapa Nachingwea: natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi, na mtu akifa wananiletea mimi. Wengine wanakuja na karatasi iliyokunjwa mfukoni, wengine hawana hata hiyo, wanasimama tu mlangoni na kusema, "Tuandikie vizuri." Vizuri maana yake nini, hawasemi. Lakini maneno yake nayajua. Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao. Kimetokea baada ya kuugua kwa muda mfupi, hata kama mgonjwa alilala mpaka godoro likabonyea. Mazishi yatafanyika nyumbani kwao. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Natoa nakala, moja inakwenda redio, nyingine zinasambazwa kwenye magrupu ya simu. Kabla chai haijapoa nimeshamaliza.

Ya mama yangu ndiyo iliyonitoa jasho.

Alifariki asubuhi, jua limeshachomoza, wodi ya wanawake. Mimi nilikuwa nje na chupa ya chai, nangoja muda wa kuona wagonjwa. Muuguzi akatoka, akaniita pembeni, akanishika mkono. Akikushika mkono tu, umeshajua. Nilibaki na ile chupa ya chai, sijui niiweke wapi, nikazunguka nayo hospitali nzima.

Sasa kwanza niseme huyu mama ni nani, maana hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Aliyenizaa alifariki kabla sijaanza kutambaa. Baba akaoa tena, akamleta mwanamke kutoka Narung'ombe, upande wa Ruangwa, akamkabidhi mimi kabla hajatua hata mzigo wake. Mwenyewe alikuwa akisimulia huku anacheka: "Wenzangu waliolewa wakakuta kitanda na meza. Mimi nilikuta ndoa ina meno mawili, inanililia." Wa kwake hakupata. Alihangaika hospitali za misheni, alihangaika kwa waganga, mwisho akaacha, akasema huyu mmoja anamtosha kwa kelele zake.

Pale Kiegei tulikokaa, watu walimwita Mama na jina langu, ndivyo mwanamke anavyoitwa huku kwetu. Na jina hilo likafunika lile la kwake. Baba alimwita hivyo mpaka anaingia kaburini. Majirani, kikundi cha kina mama, karani wa ushirika pale kwenye mzani wa ufuta, wote hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake mimi mwenyewe nililiona kwa mara ya kwanza kwenye kadi yake ya kupigia kura. Nikamuuliza, "Huyu ni nani?" Akanizaba kibao cha mzaha. "Ni mimi kabla hujanisumbua," akasema.

Lakini huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama aliyemzaa. Hilo halina mjadala, tumezaliwa tumelikuta. Kwa hesabu hiyo mimi ni wa ukoo wa yule ambaye hata sura yake siikumbuki, na mama aliyenilea ni wa ukoo wake mwenyewe, wa Narung'ombe. Akifa, wenyewe wanamchukua, wanakwenda kumzika kwao, na msemaji ni kaka yake. Huyo namwita mjomba, mzee mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Alikuwa ameshafika Nachingwea tangu jana yake aliposikia hali ya dada yake imekuwa mbaya. Kwa hiyo asubuhi ile tuliongozana kutoka hospitali mpaka dukani kwangu, mimi nikafungua kompyuta, yeye akakaa kwenye benchi la wateja.

Nikaandika. Nikaweka jina lake la kwenye kadi, nikaongeza "maarufu kama Mama" na jina langu. Mwisho nikaandika kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja na wajukuu. Nikamsomea kwa sauti.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia.

"Toa hapo pa mtoto."

"Kwa nini, mjomba?"

"Kwa sababu hakuzaa. Redioni si mahali pa kwenda kusema uongo. Andika hakubahatika kupata mtoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia. "Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wa shemeji yangu," akasema, taratibu, bila kunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Sikukatai. Umemuuguza dada yangu, Mungu atakulipa. Lakini ukoo una wenyewe. Leo tukitangaza mtoto, kesho kutwa yanazuka maneno ya mikorosho."

Mikorosho! Hapo damu ilinichemka. Mama alikuwa na mikorosho yake kule kwao, aliyoachiwa na mama yake, na kila msimu alikuwa anapanda gari kwenda kuipalilia na kuokota. Sijawahi kuomba hata korosho moja. "Mjomba," nikamwambia, "mikorosho yenu kaeni nayo. Hata kivuli chake sikitaki."

"Wewe hukitaki. Wanao je?"

Lilikuwa swali la mtu mzima, na ndilo lililoniudhi zaidi.

"Na hilo la Mama nani pia toa," akaendelea. "Lina kazi gani? Ana jina lake. Baba yetu alimpa jina." Akalitaja, polepole, kama mtu anayemwita mdogo wake aje ale. Nikatambua kwamba kwake yeye huyo ndiye aliyekufa, yule mtoto wa kike ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni, na huyo wa kwangu hamjui vizuri. Nilitambua, ndiyo, lakini sikumsamehe.

Nikamwambia basi na picha tuweke, watu wamwone. Akakataa. Picha ya mwanamke wa Kiislamu isizagae kwenye simu za watu, akasema, hasa maiti. Nilitaka kumpiga chenga, niwapelekee redio ile ya kwangu, lakini ningewezaje? Redio haipokei tanzia bila saini ya msemaji wa familia na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mimi ndiye ninayewaambia wateja hivyo kila siku, tena kwa ukali. Nikafuta mstari wangu kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikaandika hakubahatika kupata mtoto. Mashine ikaitoa ile karatasi, nzuri, haina hata doa la wino.

Baada ya hapo sikukaa chini. Nilikwenda kwa mwenyekiti kupiga muhuri, nikarudi, nikakuta nimeacha simu kwake, nikaenda tena, ndipo nikaituma tanzia redio. Nikaenda kutafuta sanda, nikaenda kutafuta gari, dereva wa kwanza hana mafuta, wa pili hana leseni. Katikati ya hayo nikawa napiga simu Kiegei. Ya jirani yetu, rafiki mkubwa wa mama, haipatikani. Ya mwingine inaita tu. Ilikuwa msimu wa kuokota korosho, watu wameingia mashambani tangu alfajiri, na kule mashambani mtandao ni wa kubahatisha, ila redio ndogo huwa inaning'inia kwenye tawi la mkorosho kutwa nzima. Nikasema potelea mbali, redio itawaambia. Kwa hasira niliyokuwa nayo sikuwaza zaidi ya hapo, na mjomba naye hakuwaza.

Tukampakia mama, tukaondoka. Mjomba alikaa nyuma pamoja na mwili na wanawake wa ukoo waliokuja naye, mimi mbele na dereva. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, hajui lolote zaidi ya kwamba amebeba msiba wa watu wa Narung'ombe. Tumeshaiacha Nachingwea nyuma, vumbi linaingia kila mahali, ndipo ukafika wakati wa matangazo ya vifo. Akaongeza sauti. Mimi nikashika ukingo wa dirisha.

Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri, ile ya huzuni wanayoivaa kazini. Akasoma jina la mama, jina la baba yake, kijiji chake. Akasoma mazishi ni leo baada ya sala ya adhuhuri. Akasoma marehemu hakubahatika kupata mtoto. Halafu wakapiga tangazo la sabuni.

"Masikini," dereva akasema, akitikisa kichwa. "Hana hata wa kumlilia."

Nikamwambia aangalie barabara. Nilikuwa nataka kumshukia, nataka kupiga kioo ngumi, nataka kushuka nitembee kwa miguu mpaka Narung'ombe. Nyuma kule mama amelala, yule aliyekuwa akinifuata shuleni na mwiko mkononi nikitoroka, yule aliyelala chini wodini siku tisini na kitu mimi nilipovunjika paja. Mtu wa namna hiyo unamwambia dunia nzima kwamba hakubahatika! Niliisemea moyoni kila tusi nililolijua, na nayajua mengi.

Narung'ombe tulikuta turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, vijana wanachimba kaburi. Wanawake wakampokea mama, wakaingia naye ndani kumwosha. Wanaume wa ukoo walikuwepo, wachache, wametulia. Mimi nikakaa, nikasimama, nikaenda kaburini, nikarudi, nikahamisha benchi ambalo halikuwa na kosa. Mzee mmoja akaniuliza kama nina funza mguuni.

Jua likazidi kupanda na Kiegei hawatokei. Hakuna lori, hakuna hata pikipiki moja. Mama alikaa Kiegei maisha yake yote ya utu uzima. Hapakuwa na harusi pale asiyoipikia, wala mzazi asiyemkanda. Nilitegemea gari lijae, masufuria yanagongana, wanawake wanateremka wamejifunga khanga viunoni. Nikawa naangalia barabara mpaka macho yakauma.

Mjomba naye alikuwa anaangalia. Nilimwona. Sheikh alikuja mara ya kwanza kumuuliza kama tunaweza kujiandaa, akasema bado kidogo. Tena palikuwa na mtani wao, mama mtu mzima, ameshavaa gauni la marehemu kinyume, anamzonga kila anayeingia, ndiyo haki yake msibani na hakuna wa kumkasirikia. Akamwendea mjomba pale mkekani, mikono kiunoni.

"We mzee! Dada yako huko alikokuwa alikuwa anaishi na nyani? Mbona hakuna binadamu aliyekuja kumzika?"

Watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mjomba hakucheka. Akaniita pembeni. "Hao watu wako wa Kiegei," akasema, "wamemsusa dada yangu. Amewafanyia nini? Kama ana ubaya, si wangeniambia mimi kaka yake?"

Nilikuwa na jibu kali limeshafika kwenye ulimi. Simu ikaita. Alikuwa yule jirani yetu wa Kiegei, rafiki wa mama, ambaye asubuhi hakupatikana.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "naona ulinitafuta. Nilikuwa shambani. Mama anaendeleaje? Nimeokota ubuyu mzuri, kesho nakuja hospitali kumwona, mwambie asinywe uji wa hospitali, nitamletea wangu."

Nikamuuliza, "Shangazi, leo hamkusikiliza redio?"

"Tumesikiliza, mbona? Iko hapa hapa juu ya mti. Wametangaza misiba miwili. Mmoja wa huko Narung'ombe, masikini, hana hata mtoto, tukamwombea tu. Hatumjui."

Nikampa mjomba simu, nikambonyezea spika kwa sababu masikio yake hayashiki simu vizuri.

"Hebu," akasema mjomba. "Nani huyo?"

"Mimi jirani yao wa Kiegei. Wewe nani?"

"Mimi ni kaka yake."

"Kaka yake nani?"

Akataja jina la dada yake. Jina zuri, alilopewa na baba yao.

"Simjui huyo, baba," yule mama akasema, kwa adabu kabisa. "Labda umekosea."

Mjomba akalitaja tena, kwa nguvu, na jina la baba yao, na la kijiji. Yule mama akasema tena simjui, akaomba arudishiwe mwenye simu. Watu wa mkekani walikuwa wametugeukia. Hata mtani aliacha utani wake. Mjomba akanitazama, akaitazama simu. Huyu mwanamke wa Kiegei alikula na dada yake sahani moja miaka yote, na hamjui. Mwishowe akaisogeza simu mdomoni.

"Ni Mama..." akasema, na akataja jina langu. "Aliyefariki ni Mama..." akalitaja tena.

Kilichotoka kwenye ile simu sitaki kukieleza. Alipiga ukelele mmoja, tukasikia simu imeanguka, halafu tukasikia wengine wanakimbilia, wanauliza nani, nani, na mmoja baada ya mwingine wanapokea ule ukelele. Korosho zote za Kiegei nadhani zilimwagwa siku hiyo. Mjomba aliishika simu mpaka ikakatika yenyewe, na bado hakuishusha.

Sheikh alikuwa amesogea, akasikia yote. Akasema hakuna tabu, tutasubiri mpaka alasiri, wakipata gari sasa hivi watafika, na wakichelewa kidogo tutawangoja. "Lakini watangazieni upya," akasema. "Wako wengi ambao hawajajua."

"Piga redio," mjomba akaniambia.

Nikapiga. Akapokea binti mmoja, mwenye haraka, nasikia na vijiko vya chai nyuma yake. Nikamwambia msemaji wa familia yupo hapa anataka kurekebisha tanzia ya asubuhi. Akaitafuta, akaipata. Nikaishika simu mbele ya mjomba, spika iko wazi, na ukoo mzima umekaa pale unasikiliza.

"Nakusikiliza, mzee. Mnabadilisha nini?"

"Muda. Ni alasiri."

"Sawa. Kingine?"

"Ongeza jina. Watu wanamfahamu kwa jina lingine. Maarufu kama Mama..." Akalitaja.

Tukamsikia binti anaandika. Halafu akaacha kuandika.

"Samahani, mzee. Hapa mmeandika hakubahatika kupata mtoto. Na huyu ni Mama fulani. Sasa nikisoma hivi wasikilizaji watanishangaa. Huyo fulani ni nani?"

Wazee wa ukoo wakainamisha vichwa, kila mmoja ameona kitu kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimeishika ile simu kwa mikono miwili. Nilitaka kusema, ni mimi, binti, ni mimi. Lakini haikuwa haki yangu kusema. Alikuwa msemaji yeye.

"Halo? Mzee, upo? Niandikeje hapo? Ameacha watoto wangapi?"

Mjomba aliniangalia usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa, na yeye si mtu wa kulia mbele za watu. Nadhani alikuwa anaiona mikorosho, na baba yake, na ule ukelele wa Kiegei, vyote kwa pamoja. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile.

"Mmoja," akasema. "Wa kiume. Andika ameacha mtoto mmoja wa kiume, na wajukuu."

"Haya, mzee. Poleni sana."

Simu ikakatika. Tangu asubuhi nilikuwa sijatoa chozi, nilikuwa na hasira tu na miguu isiyotulia. Nikakaa chini pale pale kwenye mavumbi, nje ya mkeka, nikamlilia mama yangu kwa sauti, na hakuna hata mmoja katika ukoo wao aliyeniambia ninyamaze.